Sebule nzima inacheka, mimi natazama: jibu kwa dada aliyeolewa Coimbatore

"Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeolewa na Mtamil, na huu ni mwaka wa nne tunaishi na wazazi wake Coimbatore, kusini mwa India. Kitamil cha sokoni nakimudu, na darasa la kusoma na kuandika nimelimaliza. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana familia nzima inakaa sebuleni kuangalia picha ya vichekesho: baba mkwe, mama mkwe, wifi na mumewe, watoto wote. Wenzangu wanacheka mpaka machozi. Mimi nasoma maandishi ya chini, na nikicheka nacheka peke yangu, ama nimewahi ama nimechelewa. Mama mkwe kila mara ananiuliza kama nimenuna. Wiki mbili zilizopita kukawa na kipande cha mwanamume anayepelekwa kuona mchumba. Msichana anatokea, mweusi, mnene, muziki unalia kwa kishindo, mwanamume anatimua mbio. Walicheka wote. Binti yangu wa miaka minane akanigeukia akaniuliza, 'Mama, kwani yule dada amefanya nini?' Nikakosa la kumjibu. Mume wangu anasema ni utani tu, na kwamba lugha ikinikaa vizuri nitazoea. Je, tatizo ni lugha yangu? Nijilazimishe kucheka, au niwe naondoka picha ikianza?"

Dada yangu, barua yako moja ina mambo mawili, na mumeo ameyafunga kwenye kitita kimoja. La kwanza ni kwamba watu wanacheka na wewe hujui wanacheka nini. La pili ni kwamba siku ile ya mchumba ulijua vizuri sana wanacheka nini, ndiyo maana hukucheka. La kwanza linatibika, na sehemu kubwa ya jibu langu ni hilo. La pili si ugonjwa wa lugha hata kidogo. Hata ungezaliwa Coimbatore na kunyonya Kitamil, swali la binti yako lingekukuta pale pale ulipokaa.

Mimi kazi yangu ni kuandika hayo maandishi ya chini unayoyasoma. Kabla ya hapo nilisoma Chennai, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane mtaa wa Mylapore, na miezi ya mwanzo nilikaa mbele ya runinga yake kama unavyokaa wewe. Kwa hiyo nianze na hayo maandishi, maana yanakuonea bila wewe kujua.

Sisi waandishi tunapewa nafasi ya mistari miwili, kila mmoja herufi arobaini na kidogo, na lazima maneno yakae kwenye kioo muda wa kutosha mtu kuyasoma. Mchekeshaji wa Kitamil anaongea kama cherehani. Katika sekunde nne anaweza kutukana, kuapa, kumtaja mjomba wake na kugeuza methali. Mimi ninaweza kubeba kimoja tu kati ya hivyo vinne. Halafu kuna jambo baya zaidi: sentensi inatokea nzima kwa mara moja. Mwigizaji bado yuko katikati, ameshika pumzi, anamtazama mwenzake, lile neno la kuchekesha analiweka mwisho kabisa, na wewe umeshalisoma. Unacheka, sebule imenyamaza. Sekunde mbili tatu baadaye sebule inalipuka, na wewe kicheko chako umeshakitumia. Kwa hiyo unaposema unacheka kabla ya wakati, fahamu kwamba aliyewahi si wewe, ni mimi na wenzangu.

Sasa lugha yenyewe. Darasani umefundishwa Kitamil cha kuandika, na hicho si kile kinachosemwa jikoni. Watamil wana lugha mbili ndani ya moja: ile ya vitabu, hotuba na taarifa ya habari, na ile ya mdomoni. Mtu akiandika "ninakuja" ataandika *vandhukondirukkiren*. Mama mkwe wako akiwa njiani anasema *vandhuttu irukken*. Tofauti hiyo ni mgodi wa vichekesho. Mhusika akisimama kituo cha basi akazungumza Kitamil safi cha vitabu, watu wanaanguka, sawa na mtu aende soko la Mgandini pale kwenu akamwambie muuza samaki, "Ewe ndugu, naomba uniarifu thamani ya huyu changu." Kila neno sahihi, na soko zima litacheka. Kwenye maandishi ya chini inabaki "Samaki bei gani?" Kicheko kimeachwa mlangoni.

Juu ya hapo kuna lafudhi. Kenya nzima ilimcheka Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi kwa Kiswahili chake chenye Kijaluo ndani, na aliyekuwa akiigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Jaribu kumtafsiria Mtamil hilo. Kwenu Coimbatore mko nchi ya Kongu, na watu wa Kongu wanasifika kwa adabu ya mdomo: vitenzi vyao vina kile kiishio cha heshima hata wakigombana. Goundamani, mchekeshaji ambaye bila shaka umeshamwona, mwenye sauti ya kufoka na mkono usiotulia, alizaliwa kijijini upande wa Udumalaipettai, si mbali na ulipo. Mama mkwe wako anapomcheka yule mzee, anacheka pia kwa sababu anaongea kama kaka zake. Mwenzake Senthil anatoka Ramanathapuram, kusini kabisa. Lafudhi mbili zikigongana ni nusu ya mchezo, na hakuna herufi za kuandika hilo.

Nikupe neno moja tu tulitazame kwa karibu, kwa sababu nina hakika umelisikia mara mia: *pannaadai*. Ni tusi la Goundamani kwa Senthil. Kwenye maandishi utaona "mjinga" au "mpumbavu", kisha tunaendelea. Lakini *pannaadai* ni kitu. Ni ule utando wa nyuzi unaojisokota kwenye makuti ya mtapa, ndugu yake mnazi, na watu wameutumia tangu zamani kuchujia tembo, ile pombe ya kugema. Wewe mtu wa Tanga hicho kitu unakijua kwa jina. Ni kilifu! Kile kitambaa cha mnazi ambacho bibi zetu walichujia tui. Sasa fikiri kilifu kinafanya nini: tembo zuri linapita lote, kinachobaki juu ni takataka, nzi na makapi. Basi kumwita mtu *pannaadai* ni kumwambia kwamba mafunzo yote mema yamempitia, alichobakiza ni uchafu. Tusi hilo lina mtapa, mgema na mwalimu aliyekata tamaa ndani yake, na mimi nililiandika "mjinga" kwa sababu nilikuwa na sekunde moja na nusu. Jumapili ijayo ukilisikia, sema moyoni "kilifu wewe!" uone kama midomo yako haitacheza.

Kitu kingine kinachokutenga ni kumbukumbu, na hapa watu wengi hukosea. Wanadhani familia inacheka kwa sababu inasikia jambo jipya. Wapi! Wakwe zako wameziona picha hizo mara ishirini. Tangu enzi za mchekeshaji wa zamani N. S. Krishnan, vipande vya vichekesho katika filamu za Kitamil vilikuwa karibu filamu ndani ya filamu, na wachekeshaji wake. Unaweza kuving'oa ukavionyesha peke yake. Ndiyo maana kuna stesheni za runinga zinazorusha vipande hivyo mchana kutwa, na ndiyo maana wifi yako anaanza kucheka mchekeshaji Vadivelu akiwa ndio kwanza anapanda ngazi. Anajua nyundo inakuja. Mwezi Mei 2019 ukurasa mmoja wa wahandisi huko Pakistan uliweka picha ya nyundo na kuuliza nchini kwenu inaitwaje. Mtamil mmoja akajibu jina lake, akaongeza kwamba nyundo ya namna hiyo ndiyo iliyompasua kichwa fundi rangi Nesamani. Nesamani hayupo duniani. Ni Vadivelu katika filamu ya mwaka 2001. Mwingine akauliza, je, anaendeleaje? Siku hiyo hiyo maelfu ya Watamil walikuwa wanamwombea Nesamani apone, na jina lake likazagaa duniani, wiki ile ile Narendra Modi alipokuwa anaapishwa upya kuwa waziri mkuu. Ukiwa na kumbukumbu hiyo, picha ya nyundo pekee inakuua kwa kicheko. Usipokuwa nayo, ni nyundo.

Mgeuze mumeo uone. Mkalishe mbele ya King Majuto, mtoto wa Tanga wenu, aliyetutoka Agosti 2018. Wewe utaanza kucheka mzee akitokea tu mlangoni. Yeye atakuuliza, "Kasema nini?" Hajasema kitu.

Halafu kuna ukoo. Kwetu mama ni mama. Kwao *maama* ni mjomba, kaka yake mama. Na kwa kuwa desturi yao ya zamani iliruhusu mtu kumwoa mtoto wa mjomba au wa shangazi, huyo *maama* ni baba mkwe pia, na binti wa kijijini anaweza kumwita mpenzi wake *maama* kwa kudeka. Mitaani neno hilo hilo linatumika kwa askari polisi, na likitamkwa kwa kebehi ni kuwadi. Mwandishi wa vichekesho akitaka, mhusika wake anaita "Maama!" na watu wanne wanageuka, kila mmoja kwa sababu yake. Kwenye maandishi ya chini utasoma "mjomba" mara nne na kushangaa. Na ukiona sebule imekuwa kimya ghafla, baba mkwe anaomba maji ya kunywa na wifi anatafuta rimoti, jua limepita neno lenye maana mbili ambalo haliendani na mkwe na mkaza mwana kukaa chumba kimoja. Kimya hicho nacho ni Kitamil, jifunze kukisikia.

Hayo yote yanajifunzika. Sasa nije kwenye neno la mumeo: "utani tu".

Mimi neno utani nalichukulia kwa uzito wake wote, maana sisi ni watu wenye utani hasa, wa kabila na kabila, wa binamu na binamu, wa babu na mjukuu. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno ambayo mtu mwingine angepelekwa nayo kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Lakini utani una masharti, na sharti lake kubwa ni kwamba anayetaniwa ana mdomo. Leo wangu, kesho wako. Utani usiojibiwa una jina lingine.

Tazama kile kipande cha ndizi cha Goundamani na Senthil, katika Karakattakkaran ya mwaka 1989, ambacho hakuna Mtamil asiyekijua. Goundamani amempa Senthil pesa akanunue ndizi mbili. Senthil amerudi na moja. Nyingine ameila njiani. Anaulizwa: nilikutuma ndizi ngapi? Mbili. Moja hii hapa. Ile nyingine iko wapi? Senthil, uso mtulivu kama maji ya mtungini, anajibu: "Ile nyingine ndiyo hii, kaka." Goundamani anauliza tena, kwa mpangilio mwingine. Jibu ni lile lile. Anafoka, anarusha mikono, anakaribia kulia. Ile nyingine ndiyo hii. Ona jinsi kinavyovuka kuja kwenye Kiswahili bila kumwaga tone, kwa sababu kichekesho kiko kwenye hesabu, hakiko kwenye maneno. Na ona nani ameshinda. Senthil ndiye mdogo, mnene, mwenye kupigwa mateke na kuitwa kilifu, na ndiye aliyekula ndizi. Mwenye nguvu amebaki na hasira zake. Huo nauita utani. Mnyonge ana jibu, na jibu lake ndilo tunalolichekea.

Sasa rudi kwenye msichana wa Jumapili ile. Desturi inayoigizwa pale inaitwa *ponnu paakka*, kwenda kuona binti: wazee wa mwanamume wanakuja, wanakaa, binti analeta kahawa na bajia ameinamisha macho, wanamtazama. Kipande kile kinatengenezwa hivi, na nimekitafsiri mara nyingi kiasi kwamba naweza kukipanga nimefumba macho. Kamera inakaa kwa mwanamume, anatabasamu, anajiweka sawa. Tunasikia bangili. Mlango unafunguka. Muziki unapiga kishindo, uso wa msichana unaletwa karibu ghafla, mara nyingi mwigizaji amepakwa rangi awe mweusi zaidi ya alivyo. Kisha kamera inarudi kwa mwanamume anayepiga kelele. Msichana haongei. Kwenye karatasi yangu ya tafsiri sehemu yake huwa tupu kabisa, hakuna neno la kutafsiri. Kicheko chote kimetengenezwa na mkata picha na mpiga muziki, na yeye kazi yake ilikuwa kutokea tu. Binti yako wa miaka minane aliuliza amefanya nini. Ameliona hilo kuliko watu wazima wote waliokuwa sebuleni: hajafanya kitu.

Kwa hiyo hapana, dada yangu, si lugha. Na usikubali kuambiwa kwamba wewe mgeni huelewi mila. Watamil wenyewe wamelisema kabla yako. Filamu kubwa ya nyota Rajinikanth ya mwaka 2007, Sivaji, ilikuwa na dada wawili weusi waliowekwa pale wachekwe, na wakapewa majina ya Angavai na Sangavai, mabinti wa mtawala Paari wanaoheshimiwa katika mashairi ya kale ya Kitamil. Wapenzi wa lugha hiyo hawakufurahi. Chennai ndiko shirika la Women of Worth lilikoanzisha mwaka 2009 kampeni ya kutangaza kwamba weusi ni uzuri. Nyeusi ndiyo rangi ya shati la wafuasi wa Periyar, yule mpinga matabaka wa Kitamil, na mwaka 2000 ulitoka wimbo wa filamu ulioimbwa kila harusi, *Karuppu thaan enakku pudicha coloru*, nyeusi ndiyo rangi niipendayo. Muda huo huo, krimu maarufu ya kung'arisha uso iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 ilichukua mpaka mwaka 2020 kuondoa neno "weupe" kwenye jina lake. Vita hivyo ni vyao pia, na wengi wa wanaopiga vita ni weusi kama mimi na wewe. Nasi tusijitoe: mkorogo unauzwa Kariakoo na Tanga, na sababu ni ile ile.

Binti yako bado anadai jibu. Swali la mtoto halichachi. Unaweza kumrudia hata kesho wakati unamsuka. Mwambie kweli kwa ufupi: "Siku ile uliniuliza yule dada amefanya nini. Hakufanya kitu. Waliotengeneza picha walitaka watu wamcheke kwa rangi yake na mwili wake, na mimi sikupenda." Kisha muulize yeye aliona nini, na umsikilize. Usimalizie kwa hotuba juu ya uzuri wake. Akianza kusikia kila siku kwamba rangi yake ni nzuri sana, atahisi kuna kesi mahali fulani. Mpigie ule wimbo, mcheze.

Umeuliza ujilazimishe kucheka au uondoke. Kucheka kwa kujilazimisha nakukataza kabisa kwenye vipande vya namna ile, kwa sababu ya yule aliyekugeukia. Alikuwa anasoma uso wako ili ajue achukue upande gani. Kuondoka kuna heshima yake, na siku ambayo moyo hauko sawa, nenda jikoni kachemshe kahawa, hakuna kosa. Lakini ukiondoka kila Jumapili picha ikianza, mama mkwe atabaki na jibu alilolidhani toka mwanzo, kwamba umenuna, na utakosa pia Senthil na ndizi yake, ambayo ni haki yako.

Zungumza na mumeo kwanza, usiku, bila watoto. Mweleze tofauti ya mambo mawili kama nilivyokueleza, na umwombe afanye kazi moja: Jumapili awe mkalimani wako wa sauti. Kwetu jambo hili ni fani. Marehemu Lufufu alitafsiria Tanzania nzima picha za kigeni kwa kusema juu yake, na Kenya wanaye DJ Afro. Watu walijaa vibandani kumsikiliza mtafsiri kuliko kuona picha. Mtafsiri wa sauti anafanya nisichoweza mimi: anasimamisha, anaeleza mjomba ni nani, anatia chumvi ya kwake. Zima maandishi ya chini kwa robo saa ya kwanza. Mwache mumeo awe Lufufu wa Coimbatore. Nakuahidi mama mkwe ataanza kumsahihisha, na hapo ndipo umeingia ndani.

Mama mkwe mwendee ukiwa naye jikoni, si mbele ya picha wala mbele ya baba mkwe. Ana bahati ya lugha yenye neno unalolihitaji. Kwa Kitamil mtu hasemi tu "sikucheka", anaweza kusema kicheko hakikuja. *Athai, adhukku enakku sirippu varala.* Shangazi (ndivyo mkwe anavyoitwa kwao), kwa lile kicheko hakikunijia. Halimlaumu mtu. Kisha muulize yeye alipokuja kuonwa na wakwe zake ilikuwaje, nani alibeba kahawa, alivaa sari gani, walisema nini juu yake alipotoka chumbani. Yule bibi yangu wa Mylapore nilimuuliza hayo baada ya kukaa kwake mwaka mzima. Aliweka chini kikombe, akaniambia kwamba familia ya kwanza ilimkataa kwa rangi, wakala bajia zote kwanza ndipo wakakataa, na kwamba mama yake aliosha vile vikombe mara mbili. Alikuwa na miaka sabini na kitu na alikumbuka idadi ya bajia. Tulikuwa tumeangalia pamoja vipande vingapi vya kuona mchumba, na alikuwa akicheka! Sijui la mama mkwe wako litakuwa nini. Lakini wanawake wengi wa umri wake waliwahi kusimama kwenye mlango ule.

Kuhusu kuchagua picha, cheti cha bodi ya filamu hakitakusaidia. Tangu Novemba 2024 India imeligawa lile daraja la UA, la mtoto kuangalia kwa uangalizi wa mzazi, kwa umri, 7, 13 na 16, lakini wanapima zaidi damu, matusi na mapenzi, hawapimi nani amechekwa kwa rangi. Mpime mwenyewe kwa kipimo cha ndizi: anayechekwa ana jibu? Anza na za zamani. Kadhalikka Neramillai ya C. V. Sridhar, ya mwaka 1964, ina mahali ambapo mwigizaji Nagesh anamsimulia mwenzake Balaiah hadithi ya kutisha ya filamu anayotaka kutengeneza, na karibu yote ni macho na sauti. Utacheka bila kamusi. Zile za Kamal Haasan zilizoandikwa na Crazy Mohan ziweke mwakani, maneno yake yanasokotana mno. Na usiku mmoja watoto wakilala, angalieni wewe na mumeo Mandela ya mwaka 2021. Yogi Babu, ambaye picha nyingi zimemtumia awe wa kuchekwa sura, humo ni kinyozi wa kijijini asiye na hata jina. Mwanamke wa posta anamwandikia kwenye karatasi Nelson Mandela, na uchaguzi wa kijiji unakuja kutegemea kura yake moja. Mchekwaji amepewa filamu nzima ya kujibu.

Kuna mahali jibu la maandishi kama hili halifiki. Binti yako akianza kujisugua ngozi kwa nguvu bafuni, akikataa jua, akiomba krimu ya kuwa mweupe au ukiikuta amejipaka ya mtu, mpeleke kwa daktari wa ngozi umwone ana kwa ana, na uibebe hiyo krimu. Baadhi zina zebaki au dawa za steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, na mtoto hapaswi kuguswa nazo. Akikataa shule, akiwa kimya kupita kawaida yake au akikwambia wenzake wanamwita majina, onana na mwalimu wake wa darasa uso kwa uso, na umtafute mshauri wa watoto. Na maneno ya picha yakihamia kwako, mtu wa nyumbani akaanza kukuita kwa rangi yako na kusema ni utani, usilibebe peke yako jikoni. Mkalishe mumeo na mtu mzima wa pande zote mbili anayeheshimika, mzungumze. Na ikiwa unaogopa hata kulitaja mbele yake, mtafute mshauri wa ndoa au mwanasheria mwanamke hapo mjini kabla jambo halijakua.

Lakini barua yako haisomeki hivyo. Inasomeka kama ya mtu anayewapenda watu wa sebule ile na anataka kucheka nao. Basi Jumapili hii kabla ya picha, mfundishe binti yako kipande cha ndizi kwa Kiswahili. Mpe ndizi moja mkononi, umtume kwa babu yake. Babu atauliza ile nyingine iko wapi. Watu wa umri wake hawawezi kujizuia. Ajibu kwa Kiswahili, "Ile nyingine ndiyo hii, babu," na wewe ukae pale karibu, usitafsiri.